Binti yangu alivyojifunza kusema "bado sijajua"

Nimeshauriwa mengi kuhusu binti yangu wa miaka mitano, yuko PP2, mwaka wa pili wa chekechea, hapa Lamu, na mengi hayakunifaa kitu. Bibi mmoja mtaani kwetu Langoni alitaka mtoto asomewe dua kwa sababu anajisemesha peke yake. Mwingine akaniambia mtoto wa umri huo hawezi kujua anachojua na asichojua, akaririshwe tu, akili zitakuja zenyewe. Mimi ni fundi wa nakshi, sikusomea ualimu, lakini yote mawili niliyakataa.

Huko kujisemesha, Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, alishakueleza tangu miaka ya 1930: mtoto anajiongoza kwa sauti, baadaye maneno yanaingia ndani na kuwa fikra. Basi na mimi nikaanza kujisemesha karakanani, yeye akiwa karibu. "Hapa napima tena, sina hakika. Patasi hii pana, itaharibu ua, nichukue nyembamba." Wateja walidhani nimechanganyikiwa. Haikupita muda nikamsikia akipanga vipande vya mbao: "Huu utaanguka. Mkubwa uende chini."

Kisha nikaleta sinia. Unaweka vitu kumi hivi, ufunguo, kijiko, kombe la pwani, unamwambia avitazame mpaka awe na hakika, halafu unafunika. Lakini kabla ya kufunika, muulize atakumbuka vingapi. Wengi hapo ndipo wanaporuka. Wangu alijibu "Vyote!" baada ya kutupa jicho mara moja, akataja vinne. Mwaka 1970 mwanasaikolojia Flavell na wenzake kule Marekani waliona hayo hayo: watoto wadogo walisema wako tayari, kumbe bado, na wakubwa wao walijijua vizuri zaidi. Kwa hiyo sikumcheka. Tuliendelea jioni jioni, mpaka siku moja nikashika kitambaa nifunike, akanizuia mkono: "Bado, baba. Kijiko kinanitoroka."

Lakini ninachojivunia zaidi ni habari ya duka. Nilimtuma chumvi, nazi na betri, nikamuuliza kwanza atakumbuka vipi. Akachukua penseli yangu na kipande cha boksi, akachora miduara mitatu. Mitatu sawasawa! "Hii chumvi, hii nazi, hii betri." Nilijiuma ulimi nisiseme neno, nikamfuata kwa mbali nikijificha nyuma ya punda waliobeba mchanga. Mwenye duka akakigeuzageuza kile kipande. "Mwanangu, mayai matatu?" Binti akakipokea, akakikodolea macho. "Ami, ngoja." Akarudi mbio, amekasirika kama nimemwibia: "Baba, vinafanana!"

"Sasa utafanyaje?"

Hapo ungependa kumwonyesha, najua. Usimwonyeshe. Aliketi kwenye baraza akachora upya: nazi ikaota nywele, betri ikawa ndefu yenye kichwa kidogo, chumvi ikawa vidoti vilivyojaa mpaka ukingoni. Akaleta vyote vitatu, na chenji. Kile kipande nimekipigilia ukutani karakanani, na mteja hatoki bila kuonyeshwa, atake asitake.

Gharama? Penseli, maboksi, na sinia ya mamake ambayo mpaka leo anaidai. Ile tableti ya watoto niliyohimizwa ninunue ingenila pesa ya mlango mzuri tu.

Jambo la kuangalia ni wakati. Nilipoonja mafanikio nikawa namuuliza "umejuaje?" kila saa, hata kwenye chakula, akanijibu, "Baba, nina njaa, sijafikiri kitu." Mtoto mwenye njaa au usingizi muache. Na swali lisiwe la ndiyo na hapana. Wakati wa kurudia sura za madrasa nilikuwa namuuliza "Umehifadhi?" ananiambia ndiyo, halafu anakwama katikati na machozi juu. Siku hizi kwenye Suratul-Fil namuuliza ni aya ipi kati ya zile 5 inayomteleza. Ananiambia ya 4. Tunairudia hiyo, tunaisoma sura nzima mara moja, tunaenda kula.