Barua pepe ya uongo yenye nembo ya PayPal

Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, ambaye hulipia vitambaa vya nje kwa PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, alinionyesha barua pepe iliyomwambia kwamba akaunti yake ingefungwa ndani ya saa 24 asipobonyeza kiungo na kuthibitisha nywila. Nembo na rangi zilikuwa zilezile, lakini salamu ilisema "Mpendwa Mteja", ilhali PayPal humtaja mteja kwa jina alilojisajilia. Tulipogusa jina la mtumaji, anwani kamili ilijitokeza: palipostahili herufi "l" mwishoni mwa jina la kampuni paliwekwa tarakimu 1, hila ambayo jicho lenye haraka haliwezi kuiona kwenye kioo cha simu. Kiungo nacho kilielekea kwenye tovuti nyingine kabisa.

Naichukia hasa ile haraka ya saa 24, kwa sababu imekusudiwa kumnyima mtu nafasi ya kuuliza. Ukipata barua ya namna hiyo, usiijibu wala usifungue kiambatisho chake. Andika mwenyewe paypal.com kwenye kivinjari, uingie, utazame kama kuna taarifa yoyote, kisha uitume barua hiyo kwa phishing@paypal.com kabla ya kuifuta.