Nilivyochagua kitambaa na darizi ya blauzi ya sari

Nilikuwa nasoma Ahmedabad, jimbo la Gujarat huko India, rafiki yangu wa bweni alipoanza kugawa kadi za harusi. Mama yake akanipa sari ya hariri ya kijani kibichi, haina ua hata moja, pindo jembamba la dhahabu tu. Blauzi nijitegemee. Sari tupu namna hiyo ni bahati, maana urembo wote unahamia kwenye blauzi.

Nilishaamua darizi ya Kutch, wilaya ya Gujarat, ile ya vioo, na hiyo ndiyo iliyonichagulia kitambaa. Vioo vina uzito. Ukivitia kwenye shifoni shingo inalegea na kuning'inia. Pamba nzito inavibeba vizuri, ila kando ya hariri inapooza. Nikachukua mashru nyekundu: usoni inang'aa hariri, upande wa ngozi ni pamba. Inafumwa Gujarat tangu zamani, na wanaume wa Kiislamu waliipenda kwa kuwa hariri haiwagusi mwili. Kwa joto la kule, hata mwanamke anashukuru. Kabla ya kulipa nililowesha leso nyeupe nikasugua pembeni, kwa sababu nyekundu hupenda kuchuja.

Darizi niliitafuta soko la Law Garden mjini humo, wanakopanga nguo za vioo jioni. Nyingi ni za mashine. Mama yangu hushona kofia Unguja, na kofia yoyote ukimpa ataigeuza ndani kwanza. Nami nikawa nageuza kila kipande, wauzaji wakinitazama. Ya mashine ina uzi mmoja, mara nyingi mweupe, umetanda nyuma yote. Ya mkono ina uzi wa rangi ileile ya mbele, unaruka huku na huku, na vifundo vidogo. Kioo cha kweli ukikigonga kwa kucha kinalia. Cha plastiki kimya, na pasi ikikigusa kinajikunja. Tena kioo cha kweli hakibandikwi kwa gundi: nyuzi zinakatizana juu yake kukishika, ndipo mshono unazungushwa ukingoni.

Sikupata kipande cha kunitosha, nikaagiza. Fundi cherehani alichora blauzi kwa chaki juu ya kitambaa bila kukata, mdarizi akafanya kazi ndani ya mistari, kisha ndipo mkasi ukaingia. Darizi huvuta kitambaa. Ukikata kwanza, mkono mmoja utatoka mfupi.

Pa kuweka vioo ndipo tulipobishana. Kigujarati, ncha ya sari hutoka mgongoni, hupita bega la kulia na kutandazwa kifuani. Mdarizi alitaka kifua kizima kimemete. Kingefunikwa chote, na kingo za vioo zingekwaruza hariri ya watu. Kifuani nikaacha nyuzi tupu, vioo vikaenda mikononi. Makwapani hapana kitu.

Mikono niliifikisha kwenye viwiko, na urefu chini ya kiuno. Fundi alishangaa, ila mimi na tumbo wazi hatujazoeana. Ndani akatia bitana ya pamba, vifundo visiniwashe, na akaacha ziada nene kwenye mishono ya ubavuni. Nimeshaifumua mara moja, nimenenepa.

Kuifua naifua kwa mkono, maji baridi, haikamuliwi. Pasi napiga kwa ndani, vioo vikilalia taulo.