Kumbukumbu ya mradi: maganda ya kereng'ende, kijito cha Muheza

Masika yamepita, kijito kimetulia, nami nimerudi kuokota maganda ambayo kereng'ende wachanga huyavua wanapotoka majini kuanza kuruka. Kwa anayeanza kunifuatilia leo: sihesabu kereng'ende wanaoruka. Anayeruka huenda ni mpita njia. Yuko Pantala flavescens, anayevuka Bahari ya Hindi kutoka India mpaka huku kwetu akifuata mvua. Ukimwona juu ya shamba lako, hajakwambia lolote kuhusu maji yako. Ganda tupu lililong'ang'ania jani ni habari nyingine. Mwenye ganda hilo amekulia humuhumu.

La juzi nimelikuta kwenye tete, kama shubiri moja juu ya maji. Mgongo umepasuka, na ndani ya ufa zinaning'inia nyuzi nyeupe: ni utando wa mirija ya hewa, uliong'oka wakati mdudu akijichomoa. Nimelilowesha kidogo, kisha kwa sindano nikauvuta mdomo wa chini, ambao hukaa umekunjwa chini ya kichwa kama mkono kwenye kiwiko. Ukafunguka wote, na nchani kuna koleo mbili. Tunutu, yaani kereng'ende mchanga wa majini, akiwa hai huufyatua kufumba na kufumbua, akanasa viluwiluwi vya mbu, vya vyura, hata visamaki. Tunutu wa jamii hii ya wanene hupumua kwa kuvuta maji kupitia tundu la nyuma, na akitishwa huyasukuma kwa nguvu akachomoka mbele. Naweza kumtazama mchana kutwa.

Jamii nyingi huishi hivyo majini kwa miezi, nyingine kwa miaka, kabla ya wiki chache za kuruka. Kwa hiyo anayetaka kuwahifadhi kereng'ende aanze na mawe ya chini ya maji.

Hapo ndipo tofauti ya sehemu zangu mbili inapoonekana. Juu, penye miti, napata maganda ya aina nyingi, yakiwemo membamba yenye majani matatu mkiani, ambayo ndiyo matamvua yao ya kupumulia. Chini, palipolimwa mpaka ukingoni, napata yale ya jamii sugu tu. Udongo umeziba nafasi kati ya mawe walikojificha tunutu, na maji yanayopigwa jua hupungukiwa hewa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila shughuli za kudumu za binadamu. Shamba la mzee wa sehemu ya chini lote halifiki mita 60 kutoka majini. Sikwenda kwake na sheria mkononi, nilikwenda na maganda. Aliyageuzageuza, akauliza, "Sasa mwanangu, nikiacha ukingo, ng'ombe wangu wanapata nini?" Mwenyewe ndiye aliyetoa wazo la majani ya guatemala: yanashika udongo, na yeye anakata malisho. Mstari wa kwanza umeshika vizuri, na hii ndiyo hatua inayonifurahisha kuliko zote.

Wengine wananiuliza kwa nini nisihamie kwenye hifadhi ya msitu ya Amani. Ni kweli huko yuko kereng'ende Amanipodagrion gilliesi, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1962, peke yake katika familia yake, anayejulikana katika vijito vya msitu wa Usambara Mashariki tu na aliye kwenye hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Lakini ndani ya hifadhi hakuokotwi kitu bila kibali, na pale napenda kutazama tu. Tathmini ya kwanza ya kereng'ende wote duniani, iliyotolewa Desemba 2021, ilikuta asilimia 16 ya jamii zaidi ya 6,000 ziko hatarini. Na vijito kama hivi, vinavyopita mashambani mwa watu, navyo vinahitaji mtu wa kuviangalia.

Kazi inayofuata: mstari wa pili wa guatemala kabla ya vuli, na kumwomba mama anayefua hapo karibu tutafute pamoja mahali pa kumwaga maji ya sabuni mbali na ukingo. Picha za maganda ya sehemu zote mbili nitazipanga kwa mwezi, ili mzee aone mwenyewe zinavyobadilika.