Mashine ya mitihani na sanduku la bi mkubwa

Jumamosi niliingia steshenari moja huku Mwenge na kanga tano za bi mkubwa kwenye begi la mgongoni, nikazitoa nikaziweka kaunta, dogo wa mashine akaziangalia, akaniangalia na mimi, afu akauliza, "Dada, mtihani wa darasa la ngapi?" Wala hakuwa anatania. Ile mashine yake ya riso, ya kudurufu makaratasi kwa wingi, tangu ifungwe pale haijawahi kuchapa kitu kingine, ni mitihani ya majaribio ya shule za jirani, la saba, fomu tu, fomu foo, basi.

Ngoja nirudi nyuma kidogo manake naona nimeanzia katikati.

Mi ni mgonjwa wa makaratasi. Na siyo makaratasi ya maana, hapana, ni kadi za mchango wa harusi za watu nisiowajua, kalenda za duka zilizopitwa na mwaka, lebo za viberiti, vile vichwa vinavyochorwa ukutani kwa vinyozi ambavyo shingo haiendani na kichwa (nina picha zake kama mia hivi kwenye simu, usiniulize za nini). Nikienda Maktaba Kuu pale Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967, huwa naingia na shida moja natoka na nyingine kabisa. Watu wengi mle wanaenda kusoma madaftari yao wenyewe, wanataka utulivu na meza, mi nataka magazeti ya zamani na nikipewa sisomi hata habari kubwa, nasoma matangazo na barua za wasomaji. Mambo Leo kwa mfano, lilianza 1923, la serikali ya mkoloni, lina mambo yake ya kuwafundisha watu adabu ya kilimo, ila ukifika kwenye mashairi unakuta mtu anamjibu mtu aliyeandika matoleo mawili nyuma, na mwingine tena anaingilia, yaani ugomvi wa vina na mizani unasubiri posta. Leo wangekuwa wanatagiana.

Kinachoniuma ni vile ambavyo hakuna aliyefikiria kuvitunza. Sani je, lile gazeti la katuni? Tulisoma kwa zamu mtaa mzima, Kipepe, Lodi Lofa, Madenge, Ndumilakuwili, ikifika kwako jalada halipo na ukurasa wa mwisho umefungia karanga. Sasa hivi ukiikuta kwa wauza vitabu wa chini kule Posta unalipa tu, mi siku hiyo nilipunguziwa kidogo kwa sababu ni aibu kununua kitu Dar bila kubishana bei.

Ila kilichonipeleka steshenari ni Cheche.

Baba wa rafiki yangu, mzee wa Upanga, alikuwa mwanafunzi Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, mwishoni mwa miaka ya sitini, na siku moja tumeenda kumsalimia nikaanza habari zangu za makaratasi, akanyanyuka kimya kimya akarudi na bahasha ya kaki. Ndani toleo la Cheche. Kwa asiyejua, hilo lilikuwa jarida la wanafunzi wa mrengo wa kushoto pale Mlimani, lilianza 1969, 1970 serikali ikalipiga marufuku pamoja na chama chao cha USARF. Jina lenyewe lilitokana na gazeti la akina Lenin, Iskra, ambalo kwa Kirusi ni hilohilo, cheche. Hayo nilishayasikia. Ambacho sikujua ni lilivyo mkononi. Pini za stapla zimeota kutu mpaka zimeacha alama ya kahawia kurasa tatu ndani, na herufi o karibu zote ni madoa meusi. Zote! Nikamuuliza mzee, wino ulimwagika? Akacheka. Akaniambia hiyo ni stensili, unatoa utepe kwenye taipureta unapiga herufi moja kwa moja kwenye karatasi ya nta, herufi inakata nta, wino utapenya hapo, sasa o ukiipiga kwa nguvu kale kaduara ka katikati kanadondoka kote, basi inatoka doa. "Ukiona o nyeusi ujue mpigaji alikuwa na hasira," akasema, au alikuwa na haraka. Ukikosea unapaka kadawa kekundu kama rangi ya kucha, unapuliza, unapiga tena juu yake. Afu kurasa zikishatoka zinapangwa mezani, watu mnazunguka meza kila mmoja anaokota karatasi moja moja, ukimaliza raundi una jarida.

Nikabaki naliangalia. Huko Marekani mashabiki wa hadithi za kisayansi walikuwa wanajichapia vijarida vyao tangu 1930, ndivyo wanavyoviita zini, leo vina maonesho yake na watu wanakuja na vimeza vyao kuuza na kubadilishana, na mi miaka yote navitamani kwenye intaneti kama vitu vya watu wengine. Kumbe na hapa vilikuwepo, tena vya kupigwa marufuku kabisa.

Na mashine yenyewe ya kuchapa kwa stensili haijafa. Riso ni mjukuu wa ile ya mzee, ya Kijapani, imeanza kuuzwa miaka ya 1980, badala ya taipureta inatoboa masta, ndo stensili yake, kwa joto, masta inajizungusha kwenye dramu, wino unapenya kwenye vitundu, rangi moja kwa dramu moja. Wasanii wa Ulaya wanaisaka kama dhahabu kwa sababu wino wake hauji sawasawa. Kwetu inachapa "Jibu maswali yote".

Basi nikamweleza dogo. Nataka kutandaza kanga hapo kwenye kioo, upande wenye jina, toa kopi. Akasita, akasema dramu ninayo moja tu, nyeusi. Nikasema hiyohiyo. Ya kwanza ilipotoka tukanyamaza wote wawili. Korosho za pindo zimekuja na nyuzi zake, unaona mpaka palipotoboka panapofungiwa mtoto mgongoni, na JAPO SIPATI TAMAA SIKATI imekaa chini kama kichwa cha habari. Kisutu ya harusi ya bi mkubwa bila wekundu wake ikawa kama picha ya eksirei. Dogo ndo akaanza kunogewa, akawa ananinyooshea makunyanzi.

Sasa zini yenyewe: unachukua karatasi ya A3, unakunja vyumba vinane, unachana katikati, unakunja tena, una kitabu cha kurasa nane bila hata pini. Shida ni kwamba kwenye kupanga, kurasa nne za juu lazima zisimame kichwa chini, na mi nilijiamini. Kopi arobaini zimeshatoka, nakunja ya kwanza, jalada ni kanga ya msiba, ya arobaini ya bibi, na harusi iko mwisho kabisa. Masta imeshaliwa. Nikalipa, nikaondoka nimenuna.

Jioni nikampa bi mkubwa, nimekaa pembeni najifanya nachambua mchicha. Akavaa miwani. Akafungua. "Mbona umeanza na msiba?" Nikaanza kumweleza habari za kukunja, hakunisikiliza, ameshafika mbele. Anagusa picha kwa kidole kama anapima kitambaa. Afu akarudi jalada, nilipoandika 1998.

"Hii siyo tisini na nane. Bibi yako kafariki mwezi mmoja kabla ya Mwalimu, sasa hesabu."

Mwalimu alifariki Oktoba 1999, hilo hata mi najua. Nikamwambia basi mama, makosa madogo, nishachapa arobaini. Akaniambia zilete zote. Akatafuta biro, akakaa mkekani, moja moja, akaigeuza ile nane ya mwisho kuwa tisa kwa mkono, nyingine wino unagoma anaulambisha ulimi, na mimi nampokea namkunjia upya mpaka taarabu ya redioni ikaisha. Ya arobaini hakunirudishia. Ameiweka kwenye sanduku, katikati ya doti mbili ambazo hazijakatwa, na asubuhi ananiuliza ile steshenari inafunguliwa saa ngapi, kwa sababu mama mkubwa wa Tanga naye ana sanduku.