Figo za mbwa mzee zinapochoka: kumtunza na kumuaga

Dalili ya kwanza huonekana kwenye bakuli la maji. Mbwa mzee aliyekuwa akinywa kidogo kidogo anaanza kulimaliza, usiku analirudia, na asubuhi unakuta dimbwi la mkojo mweupe kama maji karibu na mlango. Wengi hufurahi kwamba anakunywa vizuri. Wewe pima: weka maji uliyoyapima kwa jagi, na baada ya saa 24 angalia yaliyobaki. Mbwa mwenye afya hunywa takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito wake. Akizidi 100, yaani lita mbili kwa mbwa wa kilo 20, apelekwe kupimwa damu na mkojo. Kisukari na usaha kwenye kizazi navyo huleta kiu ya namna hiyo, kwa hiyo kukisia hakusaidii.

Figo hazitoi taarifa mapema. Kreatinini, taka ambayo figo huichuja, hupanda kwenye damu wakati takriban robo tatu ya uwezo wa figo umeshapotea, na katika ugonjwa huu wa uzee uliopotea haurudi. Matunzo humpa muda, na kazi yako ni kuhakikisha muda huo hauwi wa mateso.

Anza na chakula. Ugali kwa dagaa, au mifupa ya bucha, ndivyo mbwa wengi wetu walivyokulia, lakini dagaa na mifupa vina fosforasi nyingi, nayo huzidi kuzichosha figo. Mpe wali mweupe laini, ute mweupe wa yai la kuchemsha na nyama kidogo yenye mafuta, bila chumvi. Chakula hicho peke yake hakitoshi kwa miezi mingi, hivyo daktari wa mifugo akuambie cha kuongeza. Akisogea kwenye sahani, akanusa, akalamba midomo kisha akageuka, hicho ni kichefuchefu. Ipatikane kwanza dawa ya kuzuia kutapika. Kumshindilia chakula mdomoni kunaweza kumpalia kikaingia mapafuni. Na tafadhali, diklofenaki na ibuprofeni zibaki kwenye kabati: vidonge vichache tu vinaweza kummaliza mbwa mwenye figo mbovu.

Dripu ya chini ya ngozi, ya kumrudishia maji anayopoteza kwenye mkojo, unaweza kuiweka nyumbani ukishaonyeshwa. Hutumika ya ringa lakteti, yaani maji yenye chumvichumvi zinazofanana na za damu. Ya glukosi ya asilimia 5 haifai kuwekwa chini ya ngozi. Kiasi apange daktari kwa uzito wa mbwa na hali ya moyo wake. Loweka mfuko kwenye beseni la maji vuguvugu, maana maji baridi humfanya akimbie sindano ya kesho. Toa hewa kwenye mrija. Vuta ngozi ya kati ya mabega isimame kama hema, ingiza sindano namba 18 kwenye msingi wa hema hilo ikiwa imelala sambamba na mgongo. Manyoya yakilowa upande wa pili, sindano imetoboa ngozi ikatokea nje: irudishe nyuma kidogo. Utaona uvimbe laini ukishuka taratibu kuelekea mguuni, nao hutoweka ndani ya saa chache. Ukiukuta kesho yake bado upo, usiongeze tone, mpigie daktari. Hesabu pia pumzi akiwa amelala. Zikizidi 30 kwa dakika, au akianza kukohoa, simamisha dripu.

Vaa glavu unapofuta mkojo. Leptospirosi, ile homa ya mgunda iliyotikisa Lindi mwaka 2022, nayo huua figo za mbwa na humpata mtu kupitia mkojo.

Asipoweza kuinuka, mlaze kwenye sponji nene na umgeuze kila baada ya saa mbili hadi nne, la sivyo viwiko na nyonga vitachubuka. Mkojo ukimlowesha, msafishe kwa maji vuguvugu, mkaushe kabisa, mpake vaselini. Kwenye joto letu nzi hutaga haraka sana penye unyevu. Inua mkia na uangalie asubuhi na jioni, kwa sababu mabuu hutafuna nyama hai huku mbwa hana nguvu hata ya kujilamba.

Lini sasa umuage, yaani daktari amlaze moja kwa moja kwa sindano ili asiteseke? Daktari wa mifugo Mmarekani Alice Villalobos alitunga kipimo cha mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri zinazidi mbaya. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 10, na 10 ndiyo hali nzuri kabisa, hata kwenye maumivu. Jumla ikiwa zaidi ya 35 bado kuna maisha ya kuendeleza. Jaza kila jioni kwenye kalenda ya ukutani, na mtu mwingine wa nyumbani ajaze yake bila kuona yako, kwa sababu anayempenda zaidi huwa wa mwisho kuona. Kumuaga siku chache mapema, akiwa bado anakutambua, ni bora kuliko kumsubiri afie kwenye degedege usiku wa manane wakati daktari hapatikani.

Unapompigia daktari, uliza kama ana pentobabitali, dawa yenyewe ya kumuaga, na kama atamlaza kwanza kwa dawa ya usingizi. Anayependekeza sumu kwenye nyama, au potasiamu kwa mbwa aliye macho, mkatalie. Hayo ni mateso. Sindano ya usingizi huchukua kama dakika 10 hadi 15, na zailazini, mojawapo ya dawa hizo za usingizi, inaweza kumtapisha, usishtuke. Mbwa aliyekauka maji mishipa yake hulala, hivyo kutafuta mshipa kunaweza kuchukua muda. Pentobabitali ikiingia, moyo husimama ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi, mkojo hutoka, na huenda akavuta pumzi moja mbili za ghafla. Hasikii chochote tena. Watoto waelezwe haya kabla, kisha wachague wenyewe kukaa au kutoka.

Usimtupe jalalani. Dawa hubaki kwenye nyama na huua tai au mbwa atakayeila. Chimba shimo la kina cha zaidi ya mita moja, mbali na kisima, mfunge kwenye shuka au khanga badala ya plastiki. Shindilia udongo na upange mawe mazito juu yake kabla giza halijaingia, maana mbwa wa mtaani hufukua usiku wa kwanza.