Mgeni Aliyepanda Mti

Tafakari ya juma: Mwanzo 21

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Agosti inakwisha, na wengi wetu tumerudi safarini wiki hii. Naomba tuisome pamoja sura ya 21 ya Mwanzo, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu tulichopitia mwezi huu. Mtoto anazaliwa kwa wazee waliokwisha kukata tamaa. Siku anayoachishwa ziwa, baba yake anafanya karamu kubwa. Karamu haijapoa, ugomvi wa nyumbani unazuka, na mama mmoja anatolewa alfajiri na mwanawe, amebeba mkate na kiriba cha maji. Halafu inakuja kesi ya kisima na jirani mwenye jeshi. Mwisho kabisa, mstari wa 33, Ibrahimu anapanda mti Beer-sheba na kuliitia hapo jina la BWANA, Mungu wa milele. Mstari wa 34 unaongeza kwamba alikaa siku nyingi katika nchi ya Wafilisti, naye ni mgeni.

Huo mti umekaa moyoni mwangu mwezi mzima. Ibrahimu hakuwa na ardhi. Ahadi alikuwa nayo, lakini shamba la kwanza analolimiliki kwa kulinunua ni lile la Makpela, sura mbili mbele, na alilitaka kwa ajili ya kumzika Sara. Hapa Beer-sheba anaishi hemani. Mtu wa hema angeweza kusema miti ni kazi ya wenyeji. Naye anapanda.

Sisi wa huku Stuttgart, Ujerumani, tunaijua hali hiyo vizuri. Shule hufungwa mwishoni mwa Julai hadi karibu katikati ya Septemba, kwa hiyo Agosti ndiyo wakati wa kuwapeleka watoto nyumbani, na ndugu nao hupanga shughuli wakitungoja sisi: sendofu ya kumuaga bibi harusi, harusi, ubatizo, ibada ya shukrani, kujengea kaburi la babu, kikao cha ukoo. Tunafika Uchagani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, tukiwa wageni katika boma tulimozaliwa. Tunakalishwa mbele. Ndafu, yule mbuzi aliyechomwa mzima, ikikatwa, kipande cha kwanza ni chetu. Ukishika jembe unanyang'anywa: "Pumzika, wewe ni mgeni." Ni upendo wa kweli, na nawashukuru wote waliotupokea. Lakini ukikubali kuwa mgeni kwa kila jambo, mwisho unaiona ile nchi kama ukumbi wa kukodi, ambao ukishatoka, usafi ni shauri la wengine.

Asubuhi baada ya sendofu tuliyohudhuria mwezi huu, wanawake walikuwa wameshainuka kufagia kabla jua halijatoka. Mifuko ya plastiki Tanzania ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kweli haionekani kama zamani. Chupa ndogo za maji ndizo zilizobaki. Zilitapakaa chini ya migomba, na nyingine zilikuwa zimeshateremka kwenye mfongo, zimekwama penye kona, vifuniko vya bluu vikizunguka mahali pamoja, maji yakitafuta njia ya kupita pembeni. Wasiowahi kufika wajue kwamba mfongo ni mfereji wa jadi, uliochimbwa na wazee kuteremsha maji kutoka mtoni hadi vihambani, kwenye mashamba ya migomba ya ukoo. Una zamu zake, una wazee wake, na kila msimu wanaoutumia hutoka kuuzibua pamoja. Maji yanayoupita hayaishii kwetu. Karamu yetu ilikuwa juu. Wa chini, huko tambarare, ndio waliopokea chupa.

Hapo ndipo sura hii iliponishika. Someni tena mstari wa 14. Hajiri alitangatanga katika jangwa la Beer-sheba. Maji ya kiriba yakaisha, akamweka kijana chini ya kijiti kimoja, akaenda kuketi mbali ili asimwone akifa. Yote hayo yanafuatia karamu. Nyumba ilikuwa imeshangilia mtoto mmoja, na mtoto mwingine wa baba huyohuyo alikuwa anakufa kwa kiu. Mungu akaisikia sauti ya kijana, akamfumbua mama macho, akaona kisima. Na mti wa mstari wa 33 umepandwa Beer-sheba. Jina ni lilelile. Biblia haituambii Ibrahimu aliwaza nini alipokuwa akifukia mizizi yake, nami sitamsemea. Lakini siwezi tena kuusoma mti huo bila kukiona kile kijiti na kijana aliyelala chini yake.

Kuna jambo jingine katika mpangilio wa sura: kesi ya kisima inatangulia mti. Abimeleki anakuja na Fikoli, jemadari wa jeshi lake, anataka waapiane amani. Ibrahimu hakubali amani ya juujuu. Anamlaumu wazi kuhusu kisima ambacho watumishi wa Abimeleki walikinyang'anya. Abimeleki anasema hakujua. Ibrahimu anatenga wana-kondoo saba wawe ushahidi kwamba yeye ndiye aliyekichimba, wanaapa, na jirani anarudi kwake. Baada ya hapo ndipo mti unapandwa. Nimeona miche mingi ikipandwa kwa picha na hotuba mahali ambapo watu bado wanagombea maji, na miezi michache baadaye hakuna aliyeikumbuka kuimwagilia. Mti unahitaji majirani wanaosalimiana. Wachaga tumerithi sale, jani linalooteshwa mpakani mwa kihamba, ambalo mtu akikuletea anaomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito. Kikao cha ukoo kikienda vibaya Agosti hii, kama vilivyokwenda baadhi, pengine kazi yetu ya kwanza ya mazingira ni kupeleka sale.

Watoto wetu wakifika huko huelekeza simu juu, kwenye Kibo, kilele cha Kilimanjaro, nami nawaelewa. Tangu 1912 mlima umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake, na inauma kuona. Lakini maji tunayokunywa hutoka hasa msituni, kwenye ule ukanda wa kijani unaonasa mvua na ukungu na kuyaachia maji polepole kwenye chemchemi. Msitu ukiungua au ukikatwa, mto unapungua hata kama theluji ingerudi yote. Ndiyo maana sheria ya mazingira ya mwaka 2004 ilikataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Ndiyo maana pia Askofu Dk. Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, alihimiza upandaji miti mpaka Wajerumani wakamwita askofu wa miti. Kanisa letu na la huku wanafahamiana tangu wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, na nafurahi kwamba safari hii fundisho limetoka kwetu kuja kwao.

Agosti kwetu ni kavu na baridi, si wakati wa kupanda. Ni wakati wa kitalu. Shangazi yangu anacho kidogo nyuma ya jiko, chini ya kivuli cha majani ya migomba. Alikubali nikae naye nijaze viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche: udongo mweusi, samadi iliyooza, mchanga kidogo. Unakunja mdomo wa kiriba nje, unajaza, unagonga chini mara mbili ili udongo ukae, unaongeza. Nilikuwa nashindilia kwa dole gumba. Akaninyang'anya kimoja, akakitikisa kidogo, akanirudishia. "Usikibane, mwanangu. Mizizi itapita wapi?" Tulikuwa tunatayarisha miche ya mringaringa, mti wa kwetu, ili masika yakianza Machi miche iwe imeshapata nguvu. Nikamwambia, shangazi, Machi sitakuwepo. Hakuinua hata uso. "Najua. Jaza."

Nimelitafakari jibu lile njiani kote. Zaburi ya 24 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya BWANA. Ikiwa ni hivyo, shangazi naye ni mgeni pale kitaluni, ingawa hajawahi kupanda ndege. Wote tunafanya kazi kwenye shamba la Mwenyewe, na aliyemweka mtu bustanini ili ailime na kuitunza hakumpa ruhusa ya likizo kwa sababu anaishi mbali.

Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 4 Oktoba makanisa mengi duniani yanaadhimisha majira ya uumbaji. Patriaki Dimitrios wa Konstantinopoli alianzisha siku hiyo ya kwanza ya maombi mwaka 1989, na wengine wakaungana naye baadaye. Naomba ushirika wetu nao uingie. Miti ya mtaani hapa Stuttgart ina kiu mwisho huu wa kiangazi, na ndoo ya maji jioni hamhitaji kibali cha ukaazi kuibeba. Na sherehe yetu ya mavuno mwaka huu, tuweke madumu ya maji na vikombe vya kuosha. Nitaosha pamoja nanyi.

Tuombe.

Mungu wa milele, tunakushukuru kwa kutulinda tulipotoka na tulipoingia. Wakumbuke maharusi waliofunga ndoa mwezi huu na watoto waliobatizwa. Wakumbuke waliotoka kwenye vikao vyetu wakilia, na ndugu ambao hatukuwaalika. Wapatie maji walio chini ya mfongo. Mlinde shangazi na kila mwenye kitalu, uwape mvua kwa wakati wake. Tupe moyo wa kumpigia simu leo yule tuliyeachana naye kwa hasira kabla ya kupanda ndege. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.