Uliza pesa itatakiwa lini

Ndugu zangu wa Tanga wakitaka kujua nchi ipi ina maisha mazuri, huanza na mshahara. Wanachukua pauni zangu, wanazizidisha kwa shilingi elfu tatu na ushei, wanaona mamilioni. Halafu wanamgeukia kaka yangu aliyeko Columbus, Ohio, wanafanya vivyo hivyo kwa dola zake, na ubishi kwenye grupu la familia unaanza. Upande wa Uingereza kila mara huongezewa pointi moja: huko matibabu hulipii. Naomba niandike hesabu hiyo yote ilivyo, kwa sababu kuna watu wanaiuzia viwanja.

Kabla mke wangu hajapanda ndege kuja Reading, mji wa England ninakoishi, tulitakiwa kulipa ada ya afya ya wahamiaji. Tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mtu mzima kwa kila mwaka wa viza. Viza ya mwenza anayetokea nje ni miezi 33, na ile miezi tisa ya mwisho huhesabiwa mwaka kamili, hivyo ni pauni 3,105. Zinalipwa zote kwa mkupuo pamoja na maombi, na ada ya viza yenyewe ni pesa nyingine. Zaidi ya shilingi milioni tisa, na mgonjwa hayupo. Miezi ikiisha unaomba nyongeza ya miaka miwili na nusu, unalipa tena pauni 2,587.50. Wakati huohuo mishahara yetu inakatwa kodi kama ya kila mtu, na kodi hizo ndizo zinazoiendesha NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza.

Sina kinyongo na NHS. Ilianzishwa Julai 1948 ili mtu apate tiba bila kuangaliwa mfuko wake, na nimeliona hilo kwa macho yangu. Usiku mmoja pumu ilimbana mke wangu hadi midomo ikabadilika rangi. Nilipiga 999, ambulensi ikaja, akawekewa oksijeni, akalazwa. Asubuhi nilisimama mapokezi nikingoja kuonyeshwa dirisha la kulipia. Muuguzi akaniuliza kama nimekula. Hakuna aliyetaja pesa, na hakuna karatasi iliyotufuata nyumbani. Mtu aliyewahi kukimbia usiku mjini akitafuta wa kumkopesha ili mgonjwa wake aandikiwe kipimo ataelewa kwa nini nililia kwenye basi.

Dawa tunalipia. England kila dawa kwenye cheti cha daktari ni pauni 9.90 tangu Mei 2024, na pumu haimo kwenye orodha ya magonjwa yanayosamehewa, ingawa mwenye kisukari anayetumia dawa husamehewa. Mke wangu ana pampu mbili, ya kuzuia na ya kutuliza, kwa hiyo kila duru ni karibu pauni 20. Ukiwa na dawa nyingi nunua cheti cha kulipia mapema cha mwaka, pauni 114.50, kisha chukua dawa zote unazoandikiwa. Wenye miaka 60 na kuendelea hawalipi. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini hakuna anayelipia kabisa.

Halafu kuna malipo ambayo hayaandikwi kwenye risiti yoyote. Nilikuwa na ngiri. Daktari wa mtaani aliniandikia rufaa ya upasuaji, nami nikaingia kwenye foleni. Lengo rasmi England ni mgonjwa aanze matibabu ndani ya wiki 18 tangu rufaa, lakini waliosubiri walishavuka milioni saba mwaka 2022. Mimi nafanya kazi ghalani, kazi ya kunyanyua. Nikahamishiwa meza ya kukagua mizigo, ovataimu ikakatika, na mshahara ukapungua pauni 300 na zaidi kila mwezi hadi siku niliyopasuliwa. Upasuaji wenyewe sikulipa hata peni. Kupumzika nyumbani nako kuna bei yake: malipo ya ugonjwa ya kisheria mwaka 2025 yalikuwa pauni 118.75 kwa wiki, na flati yetu ya vyumba viwili ni pauni 1,450 kwa mwezi kabla ya kodi ya halmashauri, umeme na gesi. Malipo hayo kwa mwezi mzima hayafiki hata nusu ya kodi ya nyumba.

Kaka yangu ana flati kubwa kuliko yangu kwa dola 1,350, na ina maegesho. Mafuta ya gari kwake ni rahisi, ingawa huko anakoishi asiye na gari hafiki kazini, kwa hiyo wao wana mawili, na yote yana bima. Bima ya afya ya kazini inamkata dola 240 kila wiki mbili kwa familia nzima. Kilichowashangaza ndugu nyumbani ni kwamba baada ya kukatwa hivyo, kila mwaka lazima kwanza atoe dola 3,000 mfukoni mwake ndipo bima ianze kuchangia, na hata ikianza haimalizi.

Kidole tumbo kilipomshika, alipasuliwa usiku uleule. Tangu 1986 sheria ya Marekani inailazimisha hospitali yenye idara ya dharura kumpima na kumtuliza mgonjwa hata kama hana kitu, na huduma aliyopata ilikuwa ya haraka kuliko yoyote niliyopata mimi. Bili zilikuja baadaye, kila moja kwa bahasha yake: hospitali, daktari wa usingizi, msomaji wa picha, ambulensi. Sheria iliyoanza 2022 inawalinda wenye bima dhidi ya bili nyingi za kushtukiza, lakini ambulensi za barabarani zimeachwa nje. Jumla iliyombaki ilikuwa kama dola 5,000, na alikuwa na bima nzuri.

Mwenzake kazini ndiye aliyemwambia jambo ambalo kila Mswahili aliyeko Marekani anapaswa kulijua. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria kuwa na mpango wa maandishi wa kuwasaidia wenye kipato kidogo, na unaweza kuuomba hadi siku 240 tangu bili ya kwanza baada ya kutoka hospitali. Usilipe kwa kadi ya mkopo kwa hofu. Omba fomu, omba mchanganuo wa kila walichokutoza, halafu ndipo mkubaliane. Kaka alijaza fomu na sehemu ya bili ya hospitali ikafutwa.

Mama, Tanga, ana presha. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye vituo vya serikali, lakini dawa isipokuwepo dirishani anaelekezwa duka la nje, na hapo ndipo simu inaponiita. Huko pesa inatakiwa saa hiyohiyo.

Sasa binamu yangu amekubaliwa shahada ya uzamili vyuo viwili, kimoja Leicester, huku England, na kingine Ohio, na ananiuliza, "Kaka, wapi nafuu?" Leicester mwanafunzi hulipa ada ya afya pauni 776 kwa mwaka. Viza ya kozi ya mwaka mmoja huongezewa miezi minne, na miezi hiyo hutozwa nusu mwaka, jumla pauni 1,164. Hizo lazima ziwe mkononi siku ya kuomba viza. Ohio anaweza kuanza na pesa kidogo zaidi halafu ugonjwa mmoja ukamletea deni muhula wa pili. Nimemwambia awaandikie chuo cha Ohio maswali matatu: bima ya mwanafunzi ni kiasi gani kwa mwaka, atatoa kiasi gani kwanza kabla bima haijalipa, na kwa mwaka mzima hawezi kutozwa zaidi ya kiasi gani. Wakimjibu tutakaa na mjomba, tuone ni pesa ipi ukoo unaweza kuitoa sasa na ipi tunaweza kuistahimili ikija ghafla.